Maji ya Bure

Kwa miaka miwili tulifulia maji ya tangi lililokuwa likivuja. Kila aliyekuja kutupa pole baada ya dari kuanguka aliuliza, "Kwani hamkuona?" Tuliona. Tuliona, tukakinga ndoo, na tukafurahi.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukiingia, mtu hujibanza mlangoni mwa jirani hadi upite. Ni nyumba ya marehemu Baba. Mbele ni ya kale: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na vyumba vyembamba virefu, maana zamani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti na boriti hazirefuki kwa kuombwa. Nyuma Baba alijenga mwenyewe mwaka 1986, aliporudi melini na pesa kidogo. Akatoa choo, stoo na ujia wa kwendea jikoni, na juu yake akamwaga zege. Juu ya zege hiyo ndipo lilipokaa tangi la lita 1,000. Kaka yangu mkubwa na wifi yangu wanaishi ghorofani, mimi na Mama chini. Tangi ni la wote. Tone lilikuwa likidondoka kwangu.

Asiyekaa Mombasa huenda asielewe jambo hili. Sisi hatuogopi maji yakija, twaogopa yasipokuja. Maji ya chemchemi za Mzima yametoka mbugani Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu 1957, mengine yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, na yote hayo hayautoshi mji. Kwetu mfereji hulia usiku mara mbili kwa juma. Ukilia, mtu huamka, birika la chini la kuwekea maji hujaa, pampu huvuta hadi juu. Juma ambalo halikulia, twanunua kwa wenye mikokoteni, shilingi 30 mtungi, na ukipanda bei huna la kusema. Kisima tunacho, lakini maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu hata uimalize kipande kizima.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaona tone la maji matamu likidondoka ujiani mwake usiku na mchana. Nililiona mara ya kwanza baada ya Idi ya 2022. Tone moja kwa kila sekunde, nilihesabu nikiwa nimesimama na chano cha mahamri. Lionekane dogo hivyo hivyo, tone la namna hiyo hutoa lita kadhaa kwa siku. Nikaweka ndoo ya samawati. Asubuhi ya pili nikapigia deki. Ya tatu Mama akaloweka kanga zake. Baada ya mwezi ndoo ile ilikuwa na zamu zake: Jumatatu yangu, Alhamisi ya Mama, na wifi naye akawa anamtuma mtoto, "Shangazi, Mama auliza ndoo imejaa?"

Fundi wa mifereji tulimwita, nisiseme uongo. Alipanda juu, akashuka na jibu moja: raba ya kiungo cha chini ya tangi imekwisha, atie kiungo kipya, 2,500 pamoja na kazi. Kaka akasema atalipa nusu, nusu nitoe mimi. Nikasema kwa nini nusu, na nyumba ina wenyewe watano? Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka wa London akajibu kwa sauti, dakika nne nzima, kwamba yeye hakai nyumba ile wala haoni kodi yake. Dada wa Jeddah akaweka alama ya mikono ya dua. Mama akasema, "Wacheni, watoto, si tone tu?" Fundi akanywa chai akaenda zake.

Baadaye sana, usiku mmoja nilipokosa usingizi, nilipiga hesabu ya mirathi juu ya zile 2,500. Mama ana thumuni yake, yaani moja kwa nane. Yanayobaki ni mafungu sita: kila kaka mawili, kila dada moja. Fungu langu lilikuwa shilingi 364 na senti zisizo na kazi. Nilikuwa nimegombana na ndugu yangu kwa bei ya kuku nusu na soda.

Dari ilisema mapema, ila kwa lugha tusiyoijali. Kwanza ulikuja mstari wa rangi ya kutu, mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kisha rangi ikatoka malengelenge, ukiyabonyeza yanapasuka na kutoa unga. Kisha ufa, nao umenyooka, unafuata mstari ule ule. Nikapaka rangi, dari hata ukuta wa upande wa kale. Mara mbili nilipaka, ya mafuta, ile inayong'aa, ili isafishike kwa kitambaa. Nilijiona hodari.

Mei 2024 masika ilikuwa imeshika. Kuta zilinyesha jasho, nguo hazikauki, kanga zina harufu ya panya. Nami nilikuwa na kazi nyingi kupita mwaka wowote. Nashona kwa riziki, madira na buibui zaidi, lakini mara hiyo nilipata oda ya kanzu nyeupe 14 za watoto wa madrasa kwa ajili ya Idi ya Hijja. Zilikuwa zimekamilika, zimepigwa pasi, nimezikunja nikazipanga kwenye meza ya stoo pamoja na cherehani. Chini ya meza palikuwa na begi la Mama la picha, na pembeni godoro lake la sufi, tulilolitoa chumbani kwa sababu ya unyevu. Yaani vitu vyote tulivyotaka kuviokoa na maji, tuliviweka chini ya tangi.

Ilikuwa saa tisa usiku. Mfereji ulikuwa umelia, nikasikia pampu ya kaka ikivuma juu, nikarudi kulala. Kisha kikaja kishindo kama magunia mawili ya mchele yametupwa toka lorini, na baada yake sauti niliyodhani ni mvua. Mvua ndani ya nyumba.

Nilifika ujiani na tochi ya simu. Vumbi la chokaa lilikuwa limejaa hewani na maji yanapita katikati yake kama mkono wa mtu. Kipande cha zege kirefu kama mlango kilikuwa kimelala sakafuni, nusu ujiani na nusu stoo, na katika kuanguka kilikata bomba la kutoka tangini. Maji yalishuka kwa bomba hilo, na mengine, hili ndilo linalonirudia usingizini, yalikuwa yakitoka kwenye shimo la taa. Yalifuata waya, yakachuruzika kwenye holda, yakadondoka kutoka kwenye balbu. Mimi, kwa mazoea ya miaka, nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiguse!" Mama alikuwa nyuma yangu, kanga kiunoni, miguu kwenye kizingiti. "Rudi. Nenda ukazime mbele."

Meni swichi iko ukumbini karibu na mlango wa nje, pakavu. Niliizima. Hapo ndipo akili ikanirudia na nikaanza kutetemeka. Lakini maji yalizidi. Stima ya juu ina mita yake, na pampu ilikuwa inaendelea kujaza tangi huku tangi linajimwaga kwangu. Nilipiga kelele kichochoroni, "Kaka, zima pampu! Zima!" Walioamka kwanza walikuwa majirani wa nyumba tatu. Kaka akaja mwisho, akazima, akapanda juu kufunga koki ya tangi. Koki haikuzunguka. Tangu siku ilipofungwa haikuwahi kuguswa, na hewa ya bahari ilikuwa imeigandisha ikawa kitu kimoja na bomba. Akaipiga, mpini ukamkatikia mkononi. Basi tukasimama, kaka juu, mimi chini, majirani mlangoni, tukasubiri lita 1,000 zimalizike. Jirani mmoja alileta ndoo zake akinge, na ninamwelewa.

Kulipokucha kidogo nilianza na kanzu. Zile za juu zilikuwa na madoa ya rangi ya chai, mengine yamekaa kifuani hasa, kutu iliyotoka na maji. Tisa zilipata doa, tano zilisalimika kwa kuwa chini ya kitambaa cha buibui kilichonywa yote. Kwa haraka nikachukua mbili nikazitia dawa ya kung'arisha, ile yenye klorini. Nilijua la kufanya, si mimi mshoni? Madoa yakageuka manjano kali, yakashika, hayakutoka mpaka leo. Mama akaja akatazama beseni, akaninyang'anya.

"Kutu haitolewi kwa dawa ya choo. Lete ndimu."

Tulikamua ndimu juu ya kila doa, tukanyunyiza chumvi, tukaanika juu, na bahati jua lilitoka saa tatu hadi adhuhuri. Doa lilififia likawa kama kivuli. Tukarudia siku ya pili na ya tatu, tukisuuza kila mara ili asidi isile uzi. Saba zikapona. Hizo mbili nilizishona upya kwa kitambaa changu.

Picha zilinipa kazi nyingine. Zilikuwa zimegandamana mafungu mafungu, harusi ya Mama juu ya meli za Baba, na wifi alitaka kuzibandua kwa kisu. Binamu yangu anayepiga picha za harusi alisema kwa simu tusibandue chochote. Tuliziweka kwenye sinia la maji safi baridi na kuziacha zijiachie, moja ikitoka twailaza uso juu kwenye taulo, mbali na jua. Za rangi za miaka ya themanini zilipoteza pembe. Za nyeusi na nyeupe zilitoka karibu zote. Hati ya nyumba na karatasi za Kadhi zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, kavu kabisa. Mama huliweka kopo hilo ndani ya kabati la vyombo, na tulikuwa tukimcheka.

Godoro la sufi ndilo lililotusumbua kwa harufu. Likilowa haliwezi kukauka likiwa zima, hata ulianike juma. Ilibidi tulipasue, sufi yote itolewe, ianikwe juani juu ya mkeka na mtoto mwenye fimbo akiigeuza na kuikamata isipeperuke. Nusu ilikuwa imeshaota ukungu tukaitupa. Mama sasa analala kwenye sponji na kila asubuhi analilaumu.

Fundi mwashi tuliyempata ni mzee wa mtaa wa Kuze, mtu wa maneno machache na pua ndefu ya kudharau kazi za wengine. Kabla ya lolote aliomba ufagio. Akaugeuza, akapita chini ya dari iliyobaki akigonga kwa mpini, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama kama anayesikiliza redio ya mbali. Palipo pazima mlio ulikuwa mfupi, mzito. Halafu anafika mahali, na mpini unatoa sauti ya debe tupu. Anaweka alama kwa mkaa. Alipomaliza, alama zilikuwa zimefika juu ya mlango wa choo, mahali ambapo Mama hukaa kwenye kigoda kutia udhu.

Kisha akaokota donge la zege akanipa nilishike. Ndani yake palikuwa na alama ya chuma, na chuma chenyewe kilichokuwa kikining'inia juu kilikuwa kimevimba na kuachana tabaka tabaka kama chapati. Akanieleza. Chuma kikishika kutu hujaza nafasi kubwa kuliko kilipokuwa kizima, na zege haina pa kukimbilia, kwa hiyo hupasuka kufuata chuma. Ndiyo maana ufa wetu ulinyooka. Tone lilikuwa likiingia kidogo kidogo na kukilisha. Akaonja vumbi la zege kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Baba yenu alikorogea maji ya kisima."

Sikuweza kumkasirikia. Mwaka 1986 nani angenunua maji matamu kukorogea zege? Lakini chumvi iliyomo ndani huharakisha kutu ikipata unyevu, na unyevu tuliupeleka sisi kwa miaka miwili. Nayo ile rangi yangu ya mafuta inayong'aa, alipoiona ukutani upande wa kale, aliikwangua kwa ukucha. Ukuta wa matumbawe na chokaa, alisema, hunywa maji na kuyatoa. Ukiupaka mafuta au ukiutia lipu ya saruji, maji yaliyoingia hayana njia, yakaa humo yakila. Nilimwambia nilipaka ili isafishike. Akasema imesafishika kweli, na akarudi kazini.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ujenzi wowote wa maana lazima upitie kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Tulikwenda, tukaeleza, kaka akachora. Hilo halikutusumbua. Kilichotusumbua ni pesa. Kubomoa zege yote ya ujia na stoo, kumwaga mpya kwa maji matamu na chuma kipya, bomba, koki, waya wa stima wa upande wa nyuma na chokaa ya ukuta, jumla ilifika 144,000.

Nikaandika kwenye kundi. Safari hii sikuandika maneno, nilituma picha ya kigoda cha Mama na alama ya mkaa juu yake. Kisha nikaandika mafungu kama Kadhi alivyoyagawa: Mama 18,000, kila kaka 42,000, kila dada 21,000. Nyumba tumeirithi kwa mafungu haya, nikasema, basi na dari imeanguka kwa mafungu haya haya. Sitakataa, nilipata raha kidogo. Kaka mkubwa alicheka kwa uchungu. Dada wa Jeddah alituma siku ile ile na kumlipia Mama. Kaka wa London alinyamaza siku tatu, kisha akauliza kwa nini hatukutengeneza wakati ule ilipokuwa 2,500. Nilimrudishia ujumbe wake mwenyewe wa dakika nne. Akatuma.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" nimeambiwa mara 11 tangu siku ile, na muuza kahawa, na mwalimu wa madrasa alipokuja kuchukua kanzu, na shangazi mmoja aliyekuja kwa tuktuk toka Majengo kwa ajili hiyo tu. Methali haisemi ufa wa watu watano unazibwa na nani. Mimi nasema auzibe anayeuona kila siku, kisha adai. Madai ya 2,500 hayavunji udugu. Nilimwambia shangazi hivyo, akasema siku hizi wasichana wana majibu.

Kwa hiyo tumekubaliana kila mwezi kila fungu lichange kidogo, ziwekwe kwenye simu ya wifi kwa sababu yeye si mrithi, na wote tunamwogopa. Kila mwanzo wa mwezi wa Kiislamu kaka anapanda kuzungusha koki mara moja kwenda na kurudi, isigande. Mimi nagonga dari kwa mpini wa ufagio. Watoto wamegeuza mchezo, mmoja akigonga mwingine anajibu, "Zima!" au "Debe!"

Maji ya mfereji bado ni mara mbili kwa juma. Juma lililopita hayakulia hata mara moja, tukanunua mitungi sita, na mwenye mkokoteni alikuwa ameshapandisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akitazama pale ndoo ya samawati ilipokuwa ikikaa.

"Yale yalikuwa matamu," akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa namwandikia kaka wa London. Ya mwezi huu bado hajatuma.